Mafunzo ya pampu yafanyike kwenye pampu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo sisi mafundi mitambo tunalizungumza sana karakanani, lakini ni nadra kuwafikia wanaopanga mafunzo yetu.

Kila linapotangazwa darasa la matengenezo ya pampu za viwandani, ratiba ni ile ile. Ukumbi, projekta, mkufunzi mwenye picha nzuri za pampu iliyokatwa katikati, maswali ya kuchagua jibu, halafu cheti. Washiriki wanarudi kazini wakizijua kwa majina sehemu zote, kuanzia impela, gurudumu linalosukuma maji, hadi kaplingi, kiungo cha mota na pampu, kisha wanakabidhiwa spana wakabadilishe sili, kizuizi cha maji yasivuje, ambayo hawajawahi kuishika. Sina ugomvi na nadharia. Fundi asiyeelewa kwa nini maji yanapanda bombani atabahatisha maisha yake yote. Ninachodai ni kwamba angalau nusu ya muda wa darasa lolote la pampu itumike mikono ikiwa juu ya pampu, na kwamba cheti kitolewe kwa kazi ya mikono hiyo.

Nina sababu. Watu wengi, wakiwamo wanaosaini bajeti za matengenezo, wanaamini mtambo huharibika kwa sababu umezeeka: ukihesabu miezi, ukaufungua kabla haujafika mwisho wake, umeuokoa. Mwaka 1978 ilitoka ripoti ya Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United la Marekani, waliochunguza jinsi vipuri vya ndege vinavyoharibika. Walikuta kwamba asilimia 11 tu ya vipuri walivyochunguza ndivyo vilivyoonyesha kuchoka kwa umri. Asilimia 68 vilikuwa na hatari kubwa zaidi mwanzoni, mara tu baada ya kufungwa, kisha hatari ikashuka na kutulia. Pampu si ndege, na sisemi tarakimu hizo tuzihamishe kama zilivyo. Lakini aliyekaa kwenye nyumba ya pampu anaijua sura hiyo vizuri. Pampu inasimamishwa kwa ajili ya servisi ikiwa nzima, inafunguliwa, inafungwa, na wiki haiishi inavuja au inapiga kelele. Kilichoiua kiliingia siku ile ile ya servisi, kupitia mikononi mwetu. Sasa mikono iliyoleta kosa utaisahihishaje kwa kuionyesha picha ukutani?

Chukua beringi, ringi mbili zenye gololi katikati zinazoibeba shafti, yaani mhimili unaozunguka. Kwenye picha inaingia kwenye shafti kwa mshale mmoja. Karakanani nyundo iko karibu, na msimamizi anauliza mnamaliza saa ngapi. Asiyefundishwa kwa vitendo atagonga ringi ya nje ilhali inayokaza kwenye shafti ni ya ndani, na kila pigo litapita kwenye gololi na kuacha vijishimo kwenye njia zake, vidogo kiasi kwamba jicho halivioni. Pampu itawashwa, itazunguka, watu watapeana mikono. Kelele itakuja baadaye, na grisi ndiyo itakayolaumiwa. Lakini mwanagenzi aliyewekewa kipasha joto cha beringi, akaipasha hadi nyuzi 110 hivi bila kuvuka 120, akaiona inateleza yenyewe na kukaa kwenye bega la shafti bila pigo hata moja, huyo hutamshawishi tena kushika nyundo kwa kazi hiyo. Hapo hapo afundishwe na grisi. Wengi wanadhani kushindilia ndiyo kutunza, kumbe nafasi ya beringi ikijazwa theluthi hadi nusu inatosha. Ikizidi hapo, gololi zinaivuruga, joto linapanda, na joto ndilo adui wa kwanza wa grisi.

Sili inataka adabu kubwa zaidi. Ina nyuso mbili zinazosuguana, mara nyingi moja ya kaboni na nyingine ya silikoni kabaidi, zilizosagwa hadi zikawa bapa kwa kiwango cha chini ya mikroni moja. Katikati yake unapita utando mwembamba sana wa kile kinachosukumwa na pampu, na utando huo ndio unaozipoza na kuzilainisha. Kidole chenye mafuta, punje ya vumbi, au pampu kuwashwa kabla ya kujazwa maji, kimoja tu kati ya hivyo kinaweza kuziharibu. Kiwango cha API 682 cha Taasisi ya Petroli ya Marekani kinalenga sili ifanye kazi saa 25,000 bila kusimama, yaani karibu miaka mitatu. Mimi nimefanya kazi mahali ambapo sili za pampu moja zilikuwa hazimalizi miezi mitatu, na kila mtu pale alikwisha kuzoea.

Niieleze pampu hiyo, maana ndiyo inayonifanya nishike kalamu. Sili ilibadilishwa, ikabadilishwa tena, ikajaribiwa ya chapa nyingine. Zikabadilishwa beringi. Ikabadilishwa hata shafti. Alainimenti, yaani shafti ya mota na ya pampu kukaa kwenye mstari mmoja, ilipimwa kwa leza na karatasi ikasema iko sawa. Kila sili iliyotoka ilitupwa kwenye pipa na mpya ikaagizwa, na ripoti iliandika neno moja tu: imeisha.

Kisha akaja kijana mwanagenzi, mgeni kabisa pale kwetu, tukampa kazi ya kufungua boliti za flanji ya upande wa kusukumia, yaani ukingo unaounganisha bomba na pampu. Alizifungua zote, akabaki na mbili za mwisho, akasimama.

"Fundi," akaniita, "hizi hazitoki kwa mkono. Zimebanwa ubavuni."

Wengine tungeleta bomba refu la kuongezea urefu wa spana. Yeye akaomba ruhusa asizitoe kwanza. Akafunga geji ya dayali, kipimo chenye mshale kinachoonyesha hata msogeo mdogo, kwenye kaplingi ya mota, ncha yake ikigusa kaplingi ya pampu, akauweka mshale kwenye sifuri, ndipo akaanza kulegeza taratibu. Mshale ukakimbia. Shafti ambayo kwa kazi ile haikutakiwa kusogea zaidi ya milimita 0.05 ilisogea mara kadhaa ya hapo, na boliti ya mwisho ilipotoka, mdomo wa bomba uliruka pembeni ukabaki unatazama kando ya flanji ya pampu. Waliolifunga bomba lile zamani walikuta haliendi sawa, wakalivuta kwa winchi ya mnyororo hadi matundu ya boliti yakaonana, wakakaza, wakaondoka. Tangu hapo pampu ndiyo ilikuwa inalishikilia bomba. Leza haikudanganya. Ilipima shafti mbili zinavyoelekeana kwa nje, lakini haikuona jinsi kesingi, yaani gamba la pampu, ilivyopindwa kwa ndani, ambako sili na beringi zilikuwa zinalipa. Na beringi hulipa vibaya: beringi ya gololi ikiongezewa mzigo mara mbili, umri wake unashuka hadi sehemu moja ya nane.

Bomba lilikatwa, likaunganishwa upya likiwa limetulia mahali pake, likapewa nguzo za kulibeba. Sili iliyofungwa siku ile ilikaa.

Nilimuuliza kijana alikojifunza. Akaniambia kwenye chuo chao kulikuwa na pampu ya zamani iliyofungwa kwenye fremu ya chuma, na mkufunzi aliwahi kulivuta bomba lake makusudi bila kuwaambia. Wakapewa pampu hiyo na swali moja: kwa nini inatetemeka? Walihangaika nayo. Walipanga upya alainimenti, ikagoma. Walilegeza boliti za miguu ya mota mmoja baada ya mwingine wakitazama geji, kutafuta mguu usiokaa sawasawa, wakaukuta, wakaweka shimu, yaani kibati chembamba cha kujazia nafasi, na bado pampu ikatetemeka. Mwishowe mmoja wao akafungua flanji. Ndugu Mhariri, hakuna hotuba ingeliingiza jambo lile kichwani mwa kijana yule kama yale mahangaiko yalivyoliingiza.

Mafunzo ya namna hiyo yanamfundisha fundi kutoridhika na kipuri kipya. Kubadilisha sili ni kazi ya saa chache. Kujua kilichoiua ile ya kwanza ndiko kunakofanya pampu itegemewe. Kwa hiyo ningependa kila karakana na kila chuo viwe na rafu ya vipuri vilivyokufa, kila kimoja na kikaratasi kinachosema kilitoka kwenye pampu gani na kilikaa muda gani. Beringi iliyokufa inasomeka. Njia ya gololi ikiwa imechakaa sawasawa katikati, inasema jambo moja. Ikiwa imechakaa kwa mshazari, inasema shafti au nyumba yake imepinda. Ikiwa na vijishimo vyenye kulingana nafasi kama zilivyolingana gololi, kuna mtu aligonga. Impela iliyotobolewa karibu na jicho lake, pale maji yanapoingilia, nayo ina habari yake. Mwanagenzi akishika vipuri ishirini vya namna hiyo na kuulizwa kimoja kimoja kilikufaje, ataanza kuona vitu ambavyo mimi nilichelewa sana kuonyeshwa na mtu yeyote.

Kuna jambo jingine ambalo halifundishiki kwa picha kabisa, nalo ni sauti ya kavitesheni. Maji huchemka kwa nyuzi 100 kwenye mgandamizo wa kawaida wa hewa, lakini mgandamizo ukishuka vya kutosha huchemka hata yakiwa baridi. Pampu kwa kweli haivuti maji. Hewa inayoyakandamiza kule yanakotoka ndiyo inayoyasukuma kuelekea kwenye impela, na ndiyo maana hata pampu kamilifu haiwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 na kitu kwa kufyonza, na kwa matumizi ya kawaida tunaishia mita 7 hivi. Bomba la kufyonzea likiwa jembamba mno, au chujio likiziba, au kina kikiwa kirefu kupita kiasi, mgandamizo kwenye jicho la impela unashuka hadi maji yanageuka viputo vya mvuke. Viputo hivyo vikisogea mbele, penye mgandamizo mkubwa, vinabomoka kwa ghafla na kuchimba chuma kidogo kidogo. Ukisikiliza kesingi utadhani pampu inapitisha kokoto.

Kwenye pampu ya mafunzo hili linafanyika kwa dakika chache tu. Mkufunzi anafunga taratibu vali ya upande wa kufyonzea, jambo ambalo kazini ni marufuku, na wanagenzi wanaweka mikono kwenye kesingi huku wakitazama geji mbili. Ya kufyonzea inashuka chini ya sifuri. Ya kusukumia inaanza kutapatapa. Kisha sauti inaingia, na mkono unaisikia hata kabla ya sikio. Vali inafunguliwa, kila kitu kinatulia. Aliyepitia hapo, siku atakapopita karibu na pampu halisi akasikia sauti ile, atasimama.

Hapa naomba msomaji yeyote mwenye pampu kazini kwake aende akaitazame. Upande wa kusukumia atakuta geji. Upande wa kufyonzea je? Mara nyingi mno pana kizibo tu, au geji iliyovunjika kioo ambayo haijatazamwa na mtu. Magonjwa mengi ya pampu yanaanzia upande huo, na ndio upande ambao tumeuacha bila macho. Darasa la vitendo linalianika jambo hili siku ya kwanza, kwa sababu bila geji ile zoezi lenyewe halifanyiki.

Nina neno pia kuhusu wanaoalikwa. Mafunzo ya pampu huitiwa mafundi peke yao, ilhali anayekaa na pampu zamu nzima ni mwendeshaji. Kila pampu ina kiasi fulani cha mtiririko ambapo inafanya kazi kwa ufanisi wake wa juu, na kawaida inapendekezwa iendeshwe kati ya asilimia 70 na 120 ya kiasi hicho. Mwendeshaji ambaye hakuambiwa hivyo atabana vali ya kutolea hadi robo kwa sababu tangi limejaa, na ataiacha hivyo mpaka asubuhi. Ndani ya kesingi, nguvu zinazoisukuma impela hazilingani tena pande zote, shafti inapinda kidogo kila inapozunguka, na sili inaumia. Nitaibadilisha sili hiyo mara ngapi kabla mtu hajakumbuka kumwita mwendeshaji darasani? Na pale ambapo kasi ya mota inaweza kupunguzwa badala ya kubana vali, mwendeshaji ashuhudie kwa macho yake mita ya umeme inavyoshuka: kwa pampu zinazozungusha maji kwenye mabomba bila kuyapandisha juu sana, kasi ikipungua kwa asilimia 20, nguvu inayotumika inakaribia kushuka hadi nusu.

Wakubwa nao waje, hata kwa saa mbili. Nawakumbuka waliokuja kukagua nyumba ya pampu mahali fulani, wakaona pampu inayozuia maji kwa pakingi, yaani pete za kamba zinazobanwa kuzunguka shafti badala ya sili, inadondosha matone, wakaagiza matone yakome siku hiyo hiyo. Pakingi inatakiwa kudondosha. Kwa shafti ya kawaida mara nyingi tunafundishwa matone 40 hadi 60 kwa dakika, kwa kuwa maji hayo ndiyo yanayoipoza. Agizo ni agizo, glandi, yaani kibanio cha pakingi, ikakazwa, sakafu ikakauka, na kabla zamu haijabadilishana mikono pakingi ilikuwa inatoa moshi na sliivu, ala ya chuma inayoikinga shafti, imekatwa mifereji. Mtu aliyewahi kukata pete za pakingi kwa mkono wake, akatoa zile kuukuu zote hadi ya mwisho kule ndani, akapanga viungio visikae kwenye mstari mmoja, akakaza nati kwa zamu huku akihesabu matone, asingetoa agizo kama lile.

Usalama hautaki maneno mengi, unataka mazoea. Kabla spana haijagusa boliti, kila anayeshiriki kazi aweke kufuli lake kwenye swichi na ufunguo ukae mfukoni mwake, kitufe cha kuwashia kibonyezwe kuthibitisha kwamba hakuna umeme, vali za pande zote mbili zifungwe kwa kufuli, na mgandamizo uliobaki ndani utolewe. Yafanywe hivyo kila siku ya mafunzo, hata kama pampu ya mafunzo ni ndogo, mpaka mkono wenyewe uone vibaya kuanza kazi bila kufuli.

Na mtihani? Mtahiniwa apewe pampu yenye ugonjwa. Mkufunzi abadilishane waya mbili za mota usiku uliotangulia: pampu itazunguka kinyume, na wengi hushangaa kwamba bado itatoa maji upande ule ule, ila machache na bila nguvu. Au aweke gasketi iliyoziba nusu ya njia ya kufyonzea. Au ashushe mguu mmoja wa mota. Mtahiniwa apime, aseme anachokiona, aseme anachodhani ni chanzo, kisha atengeneze, awashe, na asimame karibu nayo hadi joto la beringi litulie. Anayeweza hayo apewe cheti hata kama maandishi yake si mazuri. Asiyeweza arudi kujifunza, hata kama alijibu maswali yote ya karatasi.

Najua pingamizi litakaloletwa, kwa sababu nimelisikia mara nyingi: pampu zetu haziwezi kusimama ili watu wajifunzie, na vifaa vya mafunzo ni ghali. Sikubaliani nalo. Haihitajiki pampu mpya. Inahitajika pampu moja iliyostaafishwa, tangi, mabomba mafupi yanayorudisha maji kwenye tangi lile lile, geji mbili, fremu imara na geji ya dayali. Pampu iliyopasuka kesingi isiyoweza tena kusukuma chochote, hiyo ni bora kwa kufundishia kufungua na kufunga. Kinachokosekana ni mtu mwenye mamlaka aseme kitu hiki kisiende kwenye chuma chakavu, na saa za kazi zitengwe kwa ajili yake, zisiwe zile zinazobaki baada ya zamu watu wakiwa wamechoka.

Kwa hiyo natuma ombi langu kupitia gazeti hili kwa mameneja wa matengenezo wanaolisoma. Pampu inayofuata mtakayoiandikia kufutwa kwenye orodha ya mali, kabla haijapakiwa, mpigieni simu mkuu wa chuo cha ufundi kilicho karibu nanyi na mumuulize kama anaihitaji. Ipelekeni na fundi mmoja mzoefu wa kuielezea, nanyi mkiri kwenye kikaratasi chake iliharibikaje.

Wako msomaji,
Fundi mitambo, kitengo cha pampu